Beseni la Mchungaji Masatu

Baba alifika Bweyale na vitu vitatu:
baiskeli isiyo na breki, jembe lisilo na mpini,
na beseni la bati lenye ua jekundu lililobanduka.
Biblia hakuihesabu. Alisema ile si mzigo.

Kaya za kwanza zilikuwa kumi na saba,
Waalur, Walugbara, Wajaluo wawili wa Tororo,
na Mnyoro mmoja, mama yangu, Perusi Nyangoma,
aliyemwambia, "Ardhi hii ilikuwa na majina kabla hujaja. Uliza."
Akauliza. Msimu mzima aliuliza,
ndipo akapiga mafundo kwenye kamba ya katani,
hatua thelathini, fundo, hatua thelathini, fundo,
na mashamba yakapigiwa kura kwa punje za mahindi kwenye kofia.
Yeye akachota mwisho. Akapata mawe.
Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Alihubiri kwa Kiswahili cha Musoma
na watu wakainamisha macho.
Kwetu Kiswahili kilikuja kimevaa buti.
Kilisema lala chini, kilisema toa pesa,
kilisema fungua, saa nane za usiku.
Baba akakivua buti, kama alivyotuvua sisi viatu
Alhamisi ile kabla ya Pasaka,
akakifundisha upya, neno moja moja:
karibu. pole. chukua. umekula?

"Sisi Wamenonaiti hatushiki silaha."
Okecho, kutoka nyuma: "Na silaha ikitushika sisi?"
Baba hakujibu. Alikuwa mtu wa kujibu kesho.

Kesho ikaja.
Askari walioshindwa walipanda na barabara ya Gulu,
wengine pekupeku, wengine wamebeba cherehani.
Wanaume wakanoa mapanga. Baba akayakusanya,
thelathini na moja, nilihesabu mimi,
akayafungia stoo ya mbegu, ufunguo shingoni.
Kisha akasema, "Tirza, lete beseni na maji."

Saa ile sijui niisemeje.
Mmoja alikubali kukaa. Miguu ilikuwa imeoza ndani ya soksi.
Baba alipiga magoti, akaosha, maji yakawa rangi ya chai,
na yule kijana akalia, nadhani kwa maumivu tu.
Wenzake wakachukua baiskeli.
Wakamchukua na Anywar, mtoto wa Okecho, awabebee mizigo.

Hakurudi.

Hapa ndipo wanaosimulia habari za Baba hukohoa na kuruka.
Mimi siruki. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake,
niliuona ukicheza juu ya vifungo vya shati
alipokuwa akikimbia nyuma yao akiita.

Miaka kumi na mmoja Okecho alikuja ibadani,
akakaa benchi la mlangoni, kamba za viatu zimekazwa.
Kila Alhamisi ile Baba alimfikia na beseni, akapiga magoti, akangoja.
Okecho alitazama dirisha.
Baba akanyanyuka, goti likilia, akapita.
Na kati ya Pasaka na Pasaka walichimba kisima pamoja,
wakajenga shule ya madarasa manne,
wakagombana juu ya bei ya saruji kama watoto wa tumbo moja.
Jina la Anywar halikutajwa.
Baba alilichora kwa msumari
kwenye mlango wa stoo, upande wa ndani,
mahali pa kuonwa na mtu aliyejifungia humo.

Alipokufa, Okecho alifika kabla ya mashemasi.
Aliomba beseni. Akachuchumaa kitandani pake,
akamwosha miguu, kidole kwa kidole,
na visigino vile vilivyopasuka kwa mawe ya shamba lake.
Hakuharakisha.
"Sijamsamehe," akaniambia, akikamua kitambaa.
Kisha, beseni mkononi, akisita mlangoni:
"Maji haya niyamwage wapi?"

Nikamwonyesha mihogo ya Mama,
ile iliyokubali kuota kwenye mawe.